Jini Mpenda Halua

"Umeridhika, bwana wee?"

Sauti ya Bi Mwatima ilipenya kwenye ufa wa mlango wa ghala, laini, kama ya mtu anayembembeleza mgeni asiondoke kabla ya kunywa chai.

Ndani ya ghala, nyuma ya magunia ya karafuu, mkwewe Ghania alikuwa amechutama na yai zima la kuchemsha mdomoni. Mkono wa kulia kashika halua, wa kushoto kashika mkate wa kumimina. Chano cha mti kilichokuwa mbele yake, kile alichotengewa jini asubuhi kwa ubani na maji ya waridi, kilikuwa kimebaki na tende na ndizi moja iliyopondeka. Hakutafuna, hakumeza. Alipumulia puani, na pua yenyewe ilikuwa imejaa vumbi la karafuu.

"Najua umo. Naisikia pumzi yako. Kama umeridhika, gonga."

Ghania akapiga hesabu ya haraka. Akinyamaza, mlango utafunguliwa. Akigonga, huenda mama mkwe akaenda zake. Akanyoosha kisigino akaligusa debe tupu. Ngo.

"Ahsante, bwana wee. Sasa n'ambie, utamtoka nke wa mwanangu mwezi huu?"

Kimya. Ghania hakujua jini hukataa vipi.

"Hutaki. Unataka ubani mwengine?"

Kimya.

"Unataka kitambaa chekundu?"

Kimya.

"Au unataka Hamdan aongeze nke, iingie damu mpya nyumbani, nawe uhame kwa salama?"

Hapo yai likateleza. Liliingia kooni likakaa. Ghania akajipiga kifua, akajitupa nyuma, na mgongo wake, ambao Mungu hakuufanyia ubahili, ukaangukia rundo la madebe. Yakaporomoka yote, moja juu ya jingine, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Yai likashuka.

Kisha Bi Mwatima akasema kwa adabu kubwa:

"Nimesikia. Hapana haja ya kunipigia kelele, bwana wee. Nimesikia."

Makubadhi yake yakasikika yakienda zake ta-ta-ta kuelekea nyumba kubwa. Ghania alibaki amekaa juu ya vumbi, halua imemganda kiganjani, akielewa taratibu kwamba ametoka kumposea mumewe mke wa pili.

Hii ni Gando, kaskazini ya Pemba, na nyumba ni ya Bi Mwatima, mjane mwenye mwana mmoja, Hamdan, fundi seremala mwenye karakana Wete. Ghania aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi mwembamba, anayejua kudarizi kofia kwa mkono hata wazee wa msikitini wakagombania. Usiku wa kuamkia harusi yake, somo wake, mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunda, alimkalisha juu ya mkeka akamfundisha mengi mazuri, na moja baya. "Mwanangu," alimwambia, "mbele ya mavyaa aliyemzaa mumeo na mbele ya mume mwenyewe, tonge tatu, kisha nawa. Mwanamke anayeonekana akila ni mwanamke asiyelelewa."

Ghania akalishika hilo kama aya. Tonge tatu mchana, tonge tatu jioni, wenziwe wakila yeye anawafukuzia nzi. Asubuhi ndiyo kabisa, chai ya rangi. Lakini tumbo halikufundishwa na somo. Ikifika alasiri, nyumba imenyamaza, Bi Mwatima kajinyoosha na Hamdan yuko kazini, kitu humshika. Huanza kama wazo dogo tu la kuonja kiporo. Halafu mikono hukimbia mbele ya kichwa. Alikuwa akila kwa haraka, bila kusikia ladha, wali uliolala na mkate na sukari ya kukomba, mpaka tumbo linauma na macho yanatoka machozi. Akimaliza hujiona mchafu kama aliyeiba. Husukutua kwa maji ya waridi, hujipaka kidogo shingoni, huapa kwamba kesho hatakula kitu. Na kesho kweli hali kitu, mpaka alasiri.

Miaka ikapita hivyo. Mwili ukaongezeka, magoti yakaanza kulia kwenye ngazi, sukari ikapanda, na daktari wa Wete akamwambia mimba itakuwa ya hatari mpaka apungue. Bi Mwatima naye akatazama vyungu vinavyokutwa vitupu, akamtazama mkwewe anayekula tonge tatu na kunenepa, akajumlisha.

"Ntu hali, na anaongezeka," alimwambia mwanawe. "Hicho chakula kinaingilia wapi? Kuna anayekula kwa kupitia yeye."

Hamdan akasema, mama, hayo ya kuwatengea majini chakula ni shirki.

"Si shirki, ni ukarimu," Bi Mwatima akajibu. "Mgeni akiwa kwako humpi chakula?"

Ndipo akaanza kupeleka chano ghalani, na jini akawa anakula, tena anakula vizuri, hasazi hata ganda la yai. Bi Mwatima alifurahi kama aliyekubaliwa dua, akaongeza halua. Na halua, kwa Ghania, ilikuwa ugonjwa juu ya ugonjwa.

Jioni ya siku ile ya madebe, Hamdan alirudi kula. Wakakaa mkekani, sinia la wali na mchuzi wa pweza katikati. Ghania alimega tonge la kwanza. Bi Mwatima akakohoa akasema mgeni wa ghalani ametoa sharti lake: Hamdan aoe mke mwengine, na yeye atahama. Na mke mwenyewe mama keshamchagua, Ruweida, binti wa Mzee Suud wa Mkoani, mtoto mtulivu, mwembamba kama mwiko.

"Mama, nani kasema?"

"Mwenyewe. Kagonga."

"Kagonga nini?"

"Madebe. Yote."

Hamdan aliweka tonge lake chini. Akasema hataki mke mwengine, anamtaka huyu. Bi Mwatima hakubishana. Aliinua upindo wa kanga akajifuta macho, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mzee, kwamba anamuona mke wa mwanawe akishika ukuta ili ainuke, kwamba anaogopa kumzika mkwe kabla ya kumuona mjukuu. Hakuwa na chuki hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Ghania zaidi.

Hamdan akamgeukia. "Nawe unasemaje?"

Jibu lilikuwa limekaa ulimini pake, fupi tu: jini ni mimi. Akalimeza, na lilikuwa gumu kumeza kuliko yai.

"Mama ndiye mkubwa," akasema.

Hamdan akanawa mikono na wali umejaa sinia. Ghania alimega tonge lake la tatu, akanawa naye.

Siku chache nyuma Ghania alikuwa amesikia redioni kwamba kuna madaktari watafika Chake Chake kuwaona watu wanaotaka upasuaji wa kupunguza tumbo. Alishaandikisha jina lake. Aliiona operesheni ile kama mlango wa uani: angetokea huko mwembamba, sukari imeshuka, mimba imekuja, na hakuna aliyejua lolote. Sasa, na Ruweida yuko njiani, ilikuwa si mlango tena, ilikuwa boya.

Hamdan alimpeleka kwa gari yake ya kubebea samani. Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Raniya, na pembeni yake amekaa kijana wa kike aliyejitambulisha kwa jina la Suhaila, mshauri wa wagonjwa. Walimpima damu, walimpima uzito, wakamuuliza anakulaje.

"Tonge tatu," Ghania akasema.

"Wallahi kweli, daktari," Hamdan akadakia. "Mke wangu hali. Kuku wetu wanakula kuliko yeye."

Daktari Raniya hakucheka. Alimuomba Hamdan akapumzike nje kidogo. Mlango ulipofungwa, Suhaila alisogeza kiti chake karibu.

"Bi Ghania, hizo ni za mbele ya watu. Ukiwa peke yako?"

Ghania aliyatazama makubadhi yake.

"Hatukuulizi ili tukucheke," Suhaila akaendelea. "Kuna wanaojinyima mchana kutwa, halafu ikafika saa wakala mpaka wanaumia, kwa siri, na hawawezi kujizuia. Huo si uroho. Ni ugonjwa, una jina lake na una tiba yake."

Daktari akaongeza kwamba yeye ni mtu wa kisu, na kisu kinapunguza tumbo tu, hakifiki kichwani. "Nikikupunguza tumbo leo, na ile saa yako ikakujia keshokutwa, utajiumiza vibaya. Sikukatalii. Nakwambia tuanze na hilo kwanza. Suhaila atakuwa nawe kwa simu. Utakula asubuhi, mchana na jioni, chakula cha kushiba, bila kuruka. Na mtu mmoja wa nyumbani lazima ajue ukweli. Siri ikibaki, mimi sikati."

Ghania hapo ndipo alipolia, na kwa mara ya kwanza akasema kwa mdomo wake kwamba ndiyo, ana saa hiyo. Yale ya jini hakuyasema. Aliona yangepoteza heshima ya hospitali.

Njiani kurudi, Hamdan aliendesha mpaka walipopita Wete. Kisha akasimamisha gari kando.

"Daktari kaniambia kuna jambo, na kwamba utaniambia wewe."

"Nitakwambia."

"Haya."

Ghania akafungua mdomo. Akaona uso wa somo wake, akaona chano, akaona madebe. Akaufunga.

"Nitakusaidia basi," Hamdan akasema. "Kila nikirudi mapema alasiri nakuta umetoka kusukutua. Shingo inanukia waridi. Mie sikuwepo. Ulikuwa unanukia kwa ajili ya nani?"

"Hakuna mtu, Hamdan."

"Basi kuna nini?"

Barabarani akapita mzee na ng'ombe wake, akawaamkia, wakamuitikia wote wawili kwa uchangamfu mkubwa kama watu wasio na jambo. Alipokwisha kupita, Hamdan akawasha gari. Alimteremsha mlangoni, akampa mama yake salamu, akarudi karakana. Jioni ile hakurejea. Ikaja meseji:

"Nalala karakana. Ukiwa na la kuniambia simu iko wazi."

Ghania aliandika: "Hamdan, jini ni mimi." Akaisoma. Hata yeye asingeielewa. Akaifuta. Akaandika: "Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

Ghania akaandika:

"Tonge tatu."

"Haya."

Hata hivyo alianza tiba. Asubuhi iliyofuata alipika uji na muhogo, akala jikoni amesimama, kama mwizi, lakini akala akashiba. Mchana vivyo hivyo. Alasiri ilipofika, saa ile ikaja kama ilivyo desturi yake, ikamkuta ana kitu tumboni, ikazungukazunguka ikaondoka. Si kila siku iliondoka. Siku moja ilimshinda akamaliza kopo la maziwa ya unga. Akampigia Suhaila akilia, na Suhaila hakumgombeza, akamwambia kesho usijiadhibu, kunywa uji wako kama kawaida. Kisha akauliza:

"Umeshamwambia mtu?"

"Nimemwambia paka."

"Paka hahesabiwi, Bi Ghania."

Siku ya pili yake ikaingia simu ya namba asiyoijua.

"Dada Ghania, shikamoo. Mie Ruweida wa Mkoani. Nimeambiwa nimeposwa na jini la kwenu."

Ghania akakaa chini.

"Mumeo namjua," Ruweida akaendelea, haraka haraka kama mtu aliyejificha mahali. "Alitutengenezea kabati. Fundi mzuri, mlango wa kabati haulii. Lakini kabati na ndoa ni vitu viwili. Mie nina ntu wangu. Nimemwambia baba, jini kama kanipenda aje aoe mwenyewe. Baba hasikii, anaogopa majini kuliko anavyoniogopa mie. Jumapili anakuja kwenu asikie hilo jini kwa masikio yake, na likigonga, anasoma Fatiha ya posa hapo hapo. Sasa, dada yangu, kama huko kwenu kuna ntu anaweza kuliambia jini linyamaze, namuomba kwa Mungu."

Ghania akavuta pumzi ndefu. Akamwambia asihofu, anaamini siku hiyo jini halitagonga. Ruweida akauliza anajuaje. Ghania akasema anajua tu. Akakata simu akajiona ameokoka: atajiweka nje, mbele ya watu, ghala litakuwa tupu, posa itakufa yenyewe, na siri yake itabaki siri. Mficha maradhi, wahenga walisema, lakini Ghania siku ile hakutaka kusikia wahenga wamalizie.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wakasimama wanne mbele ya mlango wa ghala. Mzee Suud na kanzu yake ya darizi, fimbo mkononi, amesimama hatua kadhaa nyuma ya wenzake kwa tahadhari. Hamdan, aliyeitwa na mama yake kwa simu, macho mekundu, vumbi la mbao bado liko kwenye ndevu. Bi Mwatima mbele. Na Ghania ubavuni, ameshika chetezo cha ubani, mtulivu kuliko wote, na tumboni ana uji, muhogo na wali wa nazi wa mchana.

"Bwana wee," Bi Mwatima akaanza, "nimekuletea chano tangu asubuhi, na halua ya Wete. Nimekuletea na shahidi. Ile kauli yako ya kwanza unaishikilia? Hamdan amuoe Ruweida binti Suud?"

Kimya. Kunguru akalia mnazini. Kimya.

Ghania alianza kutabasamu ndani kwa ndani.

"Hajibu," Hamdan akasema. "Tumalize, mama. Niende zangu."

"Amejibu," Bi Mwatima akasema.

"Amejibu nini na hakugonga?"

"Mwanangu, wewe ulipomuoa nkeo, yeye alipoulizwa kama karidhia alisemaje?"

Hamdan hakuelewa. "Alinyamaza."

"Na shehe akasemaje?"

Mzee Suud ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyefikiri vizuri. "Kimya ni ridhaa. Hilo halina ubishi, ndivyo ndoa zote zinavyofungwa." Akaegemeza fimbo ukutani. "Basi tusome Fatiha."

Akainua mikono. Bi Mwatima akainua yake. Hamdan alimtazama Ghania, na ile haikuwa hasira, ilikuwa kama mtu anayezama ambaye amechoka kuomba kamba. Kisha naye, polepole, akaanza kuinua mikono.

Ghania akaona kwamba akigonga ndiyo, akinyamaza ndiyo.

"Hakunyamaza," akasema.

Wakageuka.

"Hakunyamaza kwa kuridhia. Hawezi kugonga, kwa sababu hayumo. Yuko nje. Ndiye huyu aliyeshika chetezo."

Mzee Suud alirudi nyuma hatua nyengine.

"Mama, yale mayai niliyala mimi. Na halua, na mikate ya kumimina, na ile pilau ya maulidi, vyote. Siku uliponiuliza habari ya mke wa pili nilikuwa na yai kooni, nikaanguka juu ya madebe. Sikukubali, nilikuwa nakabwa." Alishindwa kuzuia machozi, lakini hakunyamaza. "Hamdan, hakuna mwanamume. Maji ya waridi ni ya kuua harufu ya mayai. Nala tonge tatu mbele yenu, kisha najificha nala mpaka naumwa. Siwezi kujizuia. Daktari kasema ni ugonjwa, na kasema hanikati mpaka mmoja wenu ajue. Sasa mmejua wote, na Mzee Suud juu."

Hamdan akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Halua," akasema.

"Halua."

"Nimemtafuta huyo mwanamume. Nimemtazama muuza samaki kwa jicho baya, nimeacha kumsalimia Jecha kinyozi, na Jecha hajui kosa lake mpaka leo." Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi la mbao likamganda. "Mwanamume ningempiga. Halua nitaifanya nini?"

"Utakaa nami nikiwa nakula," Ghania akasema. "Ndicho anachosema Suhaila. Nikae na mtu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu ndilo gumu."

Hamdan akanyoosha mkono akaushika upindo wa buibui la mkewe, akabaki ameushika hivyo.

Bi Mwatima alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya baridi.

"Nimekuita bwana wee."

"Nisamehe, mama."

"Nimekukaribisha kwa ubani. Nimekuuliza kama unataka kitambaa chekundu."

"Nisamehe."

"Basi leo utanionyesha ulivyokuwa ukifanya," akasema, akausukuma mlango wa ghala kwa kiganja. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na chano cha asubuhi kikaonekana juu ya gunia. Kilikuwa kitupu. Haikubaki hata punje ya tende. Maganda ya mayai yamepangwa vizuri pembeni.

Wote wakamtazama Ghania.

"Hili si langu," Ghania akasema. "Wallahi. Tangu nitoke Chake sijaingia humu. Leo nimekula wali wangu jikoni, nimeshiba."

Mzee Suud akachukua fimbo yake, akakusanya kanzu.

"Jamaa," akasema, "nyumba yenye jini mmoja ningeifikiria. Nyumba yenye wawili, binti yangu simtoi. Salamu alaykum." Akaondoka, na kwa mtu wa umri wake alikwenda kwa kasi ya kupendeza.

Hamdan aliinuka akachungulia ghalani. Akachungulia nyuma ya magunia. Kisha akamgeukia mama yake, akatazama kanga yake, kifuani, palipokuwa na doa la mafuta linalong'aa, na katikati ya doa ufuta mmoja wa halua umekaa kama kifungo.

"Mama."

"Nini?"

"Mama."

Bi Mwatima aliutazama ule ufuta. Akaupukusa. Akatazama mnazi, akatazama paa.

"Nilionja tu," akasema.

Hasira ndizo zilizomsahaulisha kwamba mlango ule haukuwa wa kufunguliwa.

"Halua ya Wete haitupwi. Nikajisemea, jini mwenyewe ana nafasi ya kula siku zote, na mie nina njaa." Akakaa kwenye kizingiti cha ghala, mara akaonekana mdogo. "Nilipoingia nyumba hii, mavyaa yangu alikuwa akihesabu. Tonge la nne ukinyoosha mkono, anakutazama mpaka unaurudisha. Hapa hapa ghalani ndipo nilipokuwa nikila, kwenye kona ile, nyuma ya magunia. Miaka yote hii. Mwenzio nilikuwa nikila dagaa wakavu."

Ghania akaweka chetezo chini. Akaenda akakaa kizingitini ubavuni mwake, na kizingiti, kilichokuwa cha mti wa zamani, kikaguna lakini kikawabeba wote wawili. Bi Mwatima hakumtazama. Baada ya muda alimwekea mkono juu ya goti, lile goti bovu, akalisugua kama anayemsugua mtoto mwenye homa.

"Kumbe wewe ndiye uliyenimalizia maziwa ya unga," akasema.

"Ndimi."

"Mie nikamtukana paka."

Ghania akaanza kucheka na huku analia. Bi Mwatima akamkataza kucheka, kisha naye akashindwa.

Jioni ile Hamdan ndiye aliyetandika mkeka, na aliutandika barazani, mlango wazi, mahali panapoonekana na kila apitaye. Bi Mwatima alipakua. Ghania alimega la kwanza, la pili, la tatu. Mkono ukasita kwa mazoea, ukaanza kuelekea bakuli la kunawia. Bi Mwatima akalisogeza bakuli lile mbali kwa mguu. Njiani alikuwa akipita jirani na ndoo yake, akaamkia, na Ghania aliitikia salamu huku tonge la nne liko mdomoni, masikio yakimwaka moto. Hamdan akala naye, hakusema lolote la hekima. Akasema tu mchuzi umekolea chumvi.

Na simu ikalia, meseji kutoka Mkoani: "Dada, baba karudi anasema kwenu kuna majini mawili na hataki kusikia jina la Gando. Sijui umefanyaje. Mungu akulipe. Na kabati langu mwambie fundi bado zuri."

Walipokwenda tena Chake Chake, Bi Mwatima alikataa kuachwa. Alijifunga kanga zake mpya, akakaa kiti cha mbele kwenye chumba cha daktari. Daktari Raniya alitazama majibu ya damu, akasema sukari imetulia kidogo, magoti yatachukua muda. Suhaila akauliza habari ya ile saa ya alasiri. Ghania akasema bado huja, si kila siku, na ikija humwita mtu. Mara mbili ilimshinda hata hivyo, na mara zote mbili alisema. Daktari akaandika. Akasema wataendelea hivi kwanza, na kisu kitasubiri mpaka Suhaila aseme ndiyo. Zamani Ghania angelia. Sasa aliitikia kwa kichwa tu, akasema atasubiri.

"Na sharti letu?" daktari akauliza. "Mtu wa nyumbani anayejua?"

"Mimi," Hamdan akasema.

"Nami," Bi Mwatima akasema. "Nyumba nzima tunajua, daktari. Hata jini anajua." Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti, akamtazama Suhaila upande upande kama mtu anayeulizia bei bila kutaka kuonekana mnunuzi.

"Mwanangu, huu ugonjwa wa nkwe wangu, hivi humpata ntu wa umri wowote?"

Suhaila akafungua faili jipya.